Nyumba Isiyo na Kona

Mume wangu ni mwashi, na mtaa mzima unamwita Kona. Jina alilipata kazini. Yeye ndiye husimamisha pembe nne za nyumba, halafu wenzake wanavuta kamba kutoka pembe hadi pembe na kupanga matofali katikati. Pembe ikikosewa, nyumba nzima imekwenda upande. Basi mzee ana maringo yake, na mimi, fundi cherehani wa watu, ndiye ninayeyabeba.

Juzijuzi kampuni yao ikaleta mashine ya kuchapa nyumba. Waashi wakaambiwa: anayetaka kubaki ajifunze, asiyetaka aage. Kona akarudi nyumbani amefura.

"Kuchapa nyumba! Kwani nyumba ni gazeti?" akafoka. "Siwezi kuwa kibarua wa mashine mimi. Bora nikae nyumbani."

Nikaingiwa na hofu. Huyu hawezi kupita ukuta wa mtu bila kufumba jicho moja na kuupima. Asipojenga, atanizeekea upesi.

"Nenda ukaione kwanza," nikamwambia, "ndipo ukasirike vizuri."

Nikafunika cherehani nikamsindikiza, maana namjua, angeishia njiani. Alibeba kamba yake na timazi, ule uzi wenye chuma wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Alikwenda kuiaibisha mashine.

Tukaikuta kazini. Mkono mrefu wa chuma ulizunguka taratibu, mdomo wake ukitoa zege laini, utepe juu ya utepe, bila tofali, bila ubao wa kushikilia. Ukuta ulipinda kama ukingo wa sufuria, na ulikuwa unapanda huku tunautazama. Nilibaki mdomo wazi. Nimeshona maisha yangu yote, sijaona mshono uliotulia vile.

Kona akazunguka nje, akaingia ndani, akatoka tena. Kamba bado iko mkononi, hajaona pa kuifunga.

"Binti," akamwita msichana aliyeiongoza mashine, "pembe mmezificha wapi?"

"Haina pembe, baba. Ni duara."

"Sasa mnaanzia wapi?"

"Popote."

Akaning'iniza timazi. Uzi ukatulia sambamba na ukuta, haukuachana nao hata kidogo. Akaweka kiganja sehemu ya chini ya ukuta, ambako zege lilikuwa limekwisha kukauka. Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama watoto, unaona? Unapanda wenyewe!"

Ukuta ulipofika kimo chake, msichana akamwambia chumba cha pili kinaanza, aje abonyeze kitufe. Kona akaifuta mikono kwenye suruali, mikono ambayo siku hiyo haikuwa imeshika hata chembe ya saruji. Akabonyeza. Mkono wa chuma ukaanza kuzunguka, naye akarudi hatua moja nyuma na kuvua kofia.

Njiani nikamchokoza. "Nyumba zikikosa kona, wewe tutakuita nani?"

Tulipofika mlangoni ndipo akasema, "Kesho niamshe mapema. Sitaki kumchelewesha mwalimu wangu."