Matano Akataa Kuinuka

Wanaomkumbuka Matano pale Iringa wanamkumbuka kwa hasira zake, na wala hawamsingizii. Miaka na miaka alimpikia Bwana Vithal, tajiri wa duka la vitambaa. Alipika, akapakua, akapeleka mezani, halafu yeye akala uani, amechuchumaa karibu na kuni, maana meza haikuwa ya boi. Boi mwenye wajukuu.

Mwaka 1954 mama wa tajiri, aliyekuwa amerudi kwao Bombay, akaugua na kugoma kula. Akawa anataka uji wa Matano tu, ule aliouzoea Iringa. Basi Matano akapandishwa meli pamoja na tajiri wake, na tiketi ya kurudi ikakaa mfukoni mwa tajiri.

Bombay nako mambo yakawa yale yale: kula uani. Siku moja, alipokwisha kumlisha yule mama mgonjwa, Matano akatoka akaingia sokoni, watu wamejaa kama siafu. Akamkuta muuza chakula mwenye benchi moja refu. Makuli, makarani na madereva wa teksi wamebanana hapo. Muuzaji akamwambia karani mmoja asogee, akampakulia Matano viazi na nyanya zilizopondwa kwa siagi, na mkate wa moto. Pilipili ikampanda puani. Karani akacheka, akamsogezea maji. Matano naye akacheka, kisha hasira zikamshika. Kumbe kukaa benchi moja na mtu hakumuui mtu. Miaka yote ile kina tajiri walikuwa wanamdharau tu, basi.

Mara tajiri akatokea, anamtafuta.

"Inuka. Watu wa kwetu wanapita hapa, unaniaibisha."

"Nakula, tajiri."

"Usipoinuka, tiketi ya kurudi usiiulize."

Matano akakumbuka kwao. Mkewe Mwantumu alikuwa Iringa, na bahari nzima iko katikati. Lakini hakuinuka.

"Mkono huu," akasema, ameuinua na mchuzi wake, "asubuhi umemlisha mama yako, ukashukuru. Mchana umeshakuwa uchafu? Haya, niache hapa hapa. Jioni kamlishe wewe."

Jana yake tajiri alijaribu kumlisha mwenyewe, mama akamgeuzia uso ukutani.

Matano akaagiza mkate mwingine. Akala polepole, kwa makusudi kabisa. Tajiri akasimama juani kumsubiri, na watu wa kwao wakawa wanapita, wanamsalimia mmoja mmoja.