Jiwe la Zamu ya Maji

Chosphel aligawa maji ya kijiji cha milimani cha Shamdo kwa miaka ishirini na sita. Kila mwaka kabla ya kulima, halmashauri ya kijiji ilipokutana, mkuu wa kijiji aliuliza, "Haya, nani agawe maji?" na watu wakacheka, maana lilikuwa swali la kujazia kikao tu. Mwaka ule hawakucheka. Paljor, ambaye zamu ya ukuu ilikuwa imeiangukia nyumba yake, alisema imetoka barua wilayani: kila kazi ya halmashauri ipigiwe kura. Akaweka kofia mbili za sufu juu ya meza, kila kaya itie kokwa moja ya aprikoti katika kofia inayoitaka. Kofia ya Chosphel ikatoka na kokwa tisa. Thelathini na moja zilikuwa kwenye kofia ya Nilza.

Nilza alikuwa mke wa mwanawe. Walikula chungu kimoja.

"Baba, mimi sikuomba," Nilza alimwambia walipokuwa wakirudi nyumbani. "Ni kina mama wa kule chini walionitaja."

"Nani kasema umeomba?"

"Naona umenuna."

"Sijanuna. Uso wangu ndivyo ulivyo."

Hata hivyo siku hiyo hakula. Mwanawe alikuwa mbali, anaendesha lori huko barabara kuu, kwa hiyo ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, na kila Chosphel alipoinua macho alimwona yule yule.

Kilichomkera si kazi yenyewe. Kazi ya maji ni ya tope na matusi. Unashinda mferejini na koleo, unaziba mlango huu kwa bonge la nyasi na udongo, unazibua ule, na ukimaliza watu wa juu wanasema umewapendelea wa chini na wa chini wanasema umewapendelea wa juu. Kilichomkera ni mlango wa nyumba yake. Zamani mwenye shida ya maji alikuja na kibuyu cha pombe ya shayiri, mdomo wa kibuyu umepakwa siagi kama heshima inavyotaka. Alikaa upande wa chini wa zulia, akauliza habari za mbuzi, akauliza habari za goti la Chosphel, na shida yake aliitaja mwishoni, kwa sauti ndogo, kama anayeungama. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa na adabu. Sasa walikuja mikono mitupu, wakasimama kizingitini na viatu vyao.

"Nilza yupo?" aliuliza Spalzes, mjane ambaye shamba lake ni la mwisho kabisa chini ya mfereji.

"Mimi nipo," alijibu Chosphel.

"Nakuona, mzee wangu. Hujambo? Nilza yupo?"

Chosphel akarudi kwenye kona yake na kuzungusha gurudumu lake la sala, lile la Kibudha la kushika mkononi, kwa kasi, kama mtu anayesaga kitu. Kutoka pale alisikia yote. Alimsikia Nilza akimpa mjane chai ya siagi, akimuuliza shamba linaanzia wapi kukauka, akisema, "Twende tukaone." Wakatoka wote wawili wakicheka. Yeye, katika miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kucheka naye habari za maji. Walimwogopa. Alidhani woga ule ndio heshima yenyewe, na sasa akiwasikia wanawake wawili wanaangua kicheko uani kwake, roho ilimuuma kama jino bovu.

Sasa, kuhusu jiwe. Shamdo hapagawanywi maji kwa saa ya mkono. Asubuhi maji ni ya mashamba ya juu. Alasiri kivuli cha mlima wa magharibi huanza kushuka bondeni, na kinapogusa jiwe jeupe lililo kwenye uwanda wa mawe, mgawa maji hupiga mbinja, na maji yanageuzwa kwenda chini hadi giza. Watu wa Shamdo waliamini jiwe lile liliwekwa na mababu na halijasogea tangu hapo. Kijana mmoja alipowahi kusema kikaoni kwamba kila simu ina saa, wazee walimfokea mpaka akaketi. Simu ni ya mtu mmoja, jiwe ni la wote.

Lakini jiwe lilisogea. Tangu kulima hadi katikati ya kiangazi siku zinarefuka, jua linakawia kujificha, na kivuli kinachelewa kulifikia jiwe. Likiachwa palepale, mashamba ya juu yanazidi kupata na ya chini yanazidi kupunjwa, siku baada ya siku, bila mtu kujua. Mgawa maji wa zamani, aliyemfundisha Chosphel, alimwonyesha: kila siku ya tano, watu wakiwa wanakula mchana, unalikumbatia jiwe na kulisogeza hatua chache kuuelekea mlima. Siku zikianza kufupika unalirudisha. Humwambii mtu. Uwanda ule una mawe mengi, na hakuna anayekwenda huko ila mgawa maji.

Nilza hakuambiwa. Lakini hakuwa mjinga. Jioni moja, akimmiminia chai, aliuliza kwa heshima, "Baba, kuna lolote napaswa kujua kuhusu lile jiwe?"

Chosphel alipuliza chai yake, akanywa, akafuta masharubu.

"Jiwe ni jiwe," alisema.

Akasubiri. Katika maisha yake hakuwahi kuwa na siku tamu kama zile, nasi tusijifanye hatuzijui siku za namna hiyo. Wiki ya kwanza hakukuonekana kitu. Wiki ya pili mashamba ya chini yakaanza kupauka kingoni. Wiki ya tatu watu wakaacha kucheka uani. Spalzes alikuja akasimama mlangoni, na safari hii hakuuliza kama Nilza yupo, alimwita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Wewe! Mashamba ya baba yako mzazi yako wapi? Si kule juu? Basi tumeelewa! Tulikupa kokwa zetu ututilie mchanga!"

"Shangazi, nageuza maji kivuli kikigusa jiwe. Sizidishi hata punje. Njoo usimame nami."

"Nisimame nawe nifanye nini? Nile kivuli?"

Nilza aliingia ndani na kukanda unga muda mrefu, mgongo ameupa chumba. Chosphel alimtazama kutoka kona yake. Akajisemea kwamba angalau sasa anajua uzito wa kazi. Siku iliyofuata alifua joho lake la sufu na kulianika juani, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba halmashauri itamwita, na mtu anayeitwa arudi hapaswi kwenda na joho la mazizini.

Halmashauri haikumwita. Zikapita siku mbili, tatu. Akashindwa kukaa, akashuka kwenda kujionea mwenyewe hayo mashamba, na tuseme ukweli, alikwenda ili afurahi. Alipofika kwa Spalzes akachuchumaa na kushika bua la shayiri. Likakatika mkononi kwa mlio mdogo. Akashika jingine. Shamba lile alilinywesha kabla mjane hajaolewa. Aliujua udongo wake, alijua mahali maji yanapozubaa na mahali yanapokimbia. Furaha aliyoijia hakuikuta. Alichokikuta ni hasira mpya, kwamba shamba lake yeye, ndiyo, lake, limekufa mikononi mwa mtu mwingine.

Akapanda moja kwa moja hadi uwandani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Akalikumbatia jiwe, goti likimlalamikia, akalibeba hatua nane, tisa, kumi na moja kuuelekea mlima.

"Mwizi wa maji!"

Alikuwa Spalzes, aliyemfuata tangu shambani kwake kumuuliza anatafuta nini pale. "Jamani, njooni! Mzee anahamisha jiwe! Anahamisha jiwe la mababu!"

Kikao kikakutana alasiri ile ile uani kwa Paljor. Kugusa jiwe adhabu yake inajulikana: mwaka mzima hupewi moto wala maji, hakuna anayekusemesha, na ukifa jamaa wa kubeba maiti hawaji.

"Jitetee, mzee," alisema Paljor.

Njia ya kujitetea ilikuwa moja tu, nayo ilimaanisha kutoa kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Chosphel aliangalia nyuso zao. Kisha akasema yote: kivuli, siku zinazorefuka, siku ya tano, hatua.

Mtu mmoja wa juu akasema taratibu, "Kumbe ilikuwa hivyo tu?" Na hilo "tu" lilimchoma Chosphel kuliko neno mwizi.

"Umelijua hili siku zote, ukakaa kimya siku ngapi?" aliuliza Paljor.

"Ishirini na mbili."

Spalzes hakupiga kelele. Alisema, "Na mimi nikamtukana mtoto wa watu."

"Nilimuuliza," alisema Nilza. "Aliniambia jiwe ni jiwe." Watu wakaguna, naye akangoja wanyamaze. "Lakini mkimnyima moto, moto wenyewe nauwasha mimi, nyumba ni moja. Mnataka nile nje? Mashamba ya chini hayajafa yote. Anionyeshe, nami nitafanya. Adhabu yake iwe hiyo."

Wakakubali haraka, kama wanavyomkubalia tangu siku hiyo kila asemalo. Chosphel alitamani wangemnyima moto. Adhabu ile ya wazee ingembakiza mtu wa kuogopwa. Huruma ya mkaza mwana ilimfanya kikongwe wa kuhurumiwa.

Kesho yake walipanda pamoja, na nusu ya kijiji nyuma yao, wakiongea na kutafuna mbegu za aprikoti kana kwamba ni sikukuu. Jambo ambalo mgawa maji wa zamani alimnong'oneza akiwa amemshika sikio, sasa lilitazamwa na hadi watoto wachanga migongoni. Jiwe lilikuwa limerudishwa pa zamani, na Chosphel alionyesha mahali panapofaa. Alijaribiwa kuonyesha hatua tatu pungufu, na mguu wake ulianza kusimama pale, lakini Spalzes alikuwa karibu akimtazama kiatu. Akasogea hadi penyewe. Nilza akalibeba jiwe mwenyewe, akaliweka, na kivuli kilipoligusa akapiga mbinja. Kule chini maji yakageuka mapema, na kina mama wakapiga kelele za furaha, wakimwita kwa jina.

Nilza alijifuta mikono, akamgeukia.

"Na siku zikianza kufupika, Baba? Linarudi kwa hatua zile zile, au kidogo kidogo?"

Si zile zile. Wakati wa kurudi hatua zinaanza ndogo, kisha zinakua, na zina hesabu yake. Alitazama jiwe, akawatazama watu waliokuwa wakimsubiri, wote, kimya, kwa mara ya kwanza tangu kokwa zihesabiwe.

"Hilo," alisema Chosphel, "utaniuliza wakati ukifika."

Akatangulia kushuka, polepole, ili walio nyuma yake wamngoje.