Jina la Elinami Likifutwa

Nakumbuka asubuhi moja pembe ililia ndani ya ukungu, hapa hapa Usangi, kabla sijaona hata kizingiti cha nyumba yetu. Ilikuwa pembe ya msaragambo. Ikilia hiyo, mwanangu, kila nyumba inatoa mtu na jembe, awe mkulima au rubani aliyekuja likizo kama mimi. Siku hiyo tuliitwa kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu linalokusanya maji ya mlimani usiku ili asubuhi yashuke mashambani kwa zamu.

Sikwenda na moyo mweupe. Wewe umekuja jana umevimba kwa sababu mwenzako kapewa ndege kubwa nawe umebaki na ndogo, na kesho mnapiga kura kwenye mkutano wa chama chenu cha marubani. Basi nikwambie, ugonjwa huo naujua kwa jina. Wangu uliitwa Elinami.

Tulisoma dawati moja. Mimi ndiye niliyetangulia kuajiriwa. Yeye akaja nyuma, akateuliwa kurusha jeti, mimi nikabaki kutua kwenye viwanja vya vumbi. Kama hiyo haitoshi, akachaguliwa katibu wa chama chetu cha marubani. Chama kilidai saa za kupumzika kwa wote, maana tulikuwa tunarusha watu huku macho yanajifumba. Mwenye kampuni akatuita pembeni sisi wa ndege ndogo: tokeni kwenye chama, ninyi nitawapa mapumziko kwanza. Wenzangu walinisubiri niwaongoze. Nami nilikuwa tayari. Si kwa ajili ya usingizi, mwanangu. Nilitaka nimwone Elinami amesimama mbele ya viti vitupu.

Kwenye ndiva, sijashuka hata topeni, mama mmoja akanipigia kelele: "Rubani! Eti mwenzako Elinami anarusha ile kubwa, wewe bado uko na kile kiberiti?" Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikaegemea jembe. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mgawa maji, akaja.

"Jembe limekuwa fimbo?"

"Mjomba, zamu ya kwanza ni ya shamba la kina Elinami. Wachimbe wao kwanza."

Hakupandisha sauti. Alijifuta tope kwenye paji la uso, akazidi kulipaka.

"Tope likijaa hapa, kina Elinami watalala njaa. Na wewe utalala njaa. Ila wewe utalala unacheka. Ndicho ulichokipandia mlima huu?"

Nikashuka topeni. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na si kwa upendo. Nilichimba kwa aibu.

Siku chache baadaye, kwenye mkutano wa chama, nilinyoosha mkono huo huo wenye malengelenge kukataa kutoka, nikabaki chamani, na wenzangu wa ndege ndogo wakabaki nami. Mwenye kampuni alipoona hatugawanyiki, akakubali mapumziko kwa wote. Makofi alipigiwa Elinami. Nisikudanganye, yaliniuma, kila kofi. Hata leo akinipigia simu, nikisikia ile sauti yake ya kujiamini, kitu kinanichoma hapa kifuani. Lakini usingizi niliupata, na abiria wangu wote niliwashusha salama.

Mwanangu, ninyi wa ndege ndogo mna madai yenu, na wa ndege kubwa wana yao. Yatagongana, yagombanieni mezani, si vibaya. Wivu nao sikuambii uutoe, maana mimi umenishinda. Uache uketi kando yako, ila usiuruhusu ukunyooshee mkono wakati wa kura. Kabla hujasema neno kesho, mfute yule mwenzako kichwani, jina na sura. Kama bado ungesema hilo hilo, simama uliseme kwa sauti. Kama neno limeondoka na jina lake, ulikuwa wivu tu. Kaa chini.

Haya, gari la Mwanga halisubiri. Umeshika begi, umeniinamia nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde kila upandapo, akushushe taratibu kila utuapo, na akupe wenzako wa kukupokea chini. Hujasema utapiga kura gani, nami sikuulizi. Jana ulipoingia uliubamiza mlango hadi vikombe vikalia. Leo nakusikia unauvuta nyuma yako, polepole, mpaka komeo linaingia mahali pake.