Tangi la Sufyan na Kinywa cha Dhahabu

Hiki nitakachowasimulia hamtakiamini, na wala siwalaumu. Mimi mwenyewe, Khatibu wa Jomvu Kuu, mpiga kinanda asiye na mfano tangu Kipevu mpaka Kisauni (muulizeni yeyote, ila msimuulize mke wangu), nilikuwako, na bado asubuhi nyingine huamka nikajishangaa. Shule nimesoma hadi darasa la sita na nusu. Ile nusu iliyobaki aliyekimbia ni mwalimu, si mimi. Kwa hivyo kalamu ikiteleza mnisamehe. Kisa ni cha mpwa wangu Dhahabu, naye hatelezi.

Dhahabu anakaa Kisima cha Chumvi, Kisauni. Asubuhi anachoma mahamri, alasiri anaimba maarusini. Mfupi kama kinu, na sauti yake ndiyo mchi: ikishuka, kilichomo ndani kinapondeka.

Siku hizo wimbo hapo mtaani ulikuwa na njia yake ya kuzaliwa. Unauandika nakala tatu, unaupeleka afisi ya ruhusa, unangoja. Karani anasoma, mkubwa wake anasoma, neno lisilompendeza linakatwa kwa wino mwekundu, halafu muhuri. Bila muhuri, hata mtoto ukimbembeleza, mbembeleze polepole. Vijana walisimamishwa barabarani simu zao zikapekuliwa, wakafutishwa nyimbo mmoja mmoja kama watoto wanaotemeshwa peremende.

Mwenye muhuri alikuwa Sufyan. Mtoto wa mtaa huohuo, tuliyemwona akioga uchi bombani, akipiga kelele sabuni imemwingia machoni. Alipopewa kiti akapewa na ufunguo wa koki kuu ya maji, na tangu hapo bomba la mtaa likakohoa, likanyamaza. Ndoo zilipanga foleni kutoka alfajiri. Nyumbani kwake, juu ya chuma kirefu cha kuonekana hata na wasafiri wa ndege, lilisimama tangi jeusi, na kila pampu ilipowashwa tangi lile lilijaa, likamwaya, maji yakateremka ukutani mpaka kwenye mchanga. Watu walipita na ndoo tupu vichwani, wakayaruka yale maji ili wasilowe.

Dhahabu akatunga. Hakupeleka nakala tatu wala moja. Akauimba kwenye akika ya jirani:

*Bomba letu lakauka, ndoo zapanga foleni,*
*Tangi lako lafurika, lamwaya maji ndiani,*
*Mja ukinung'unika, waambiwa una kani:*
*Funga kinywa changu, funga, tangi lako litasema.*

Siku ya tatu wimbo ulikuwa umevuka kivuko uko Likoni. Siku ya nne walikuja watu wawili wa afisi wakachukua spika zake zote mbili na kipaza sauti. Siku ya tano akaitwa barazani.

Hapo ndipo penye kidonda. Sufyan hakumfunga. Lau angemfunga, Dhahabu angetoka na heshima yake. Alimpandisha juu ya lori, mbele ya mtaa mzima, akampa kipaza sauti chake mwenyewe kilichokamatwa, akamwambia kwa upole, huku akitabasamu, "Dada yangu, sisi hatuna ubaya nawe. Sema umekosa, kisha utuimbie kawimbo haka. Nimekaandika mimi."

Kawimbo kenyewe kalikuwa mstari mmoja: *Sufyan taa ya mtaa, bila wewe ni kiza.* Akamwimbisha mara saba. Mara ya nne sauti ilimkatika. Sufyan akasema, "Anza tena." Watu waliangalia miguu yao. Dhahabu aliteremka kwenye lori, akaenda kwake, akaivua leso aliyokuwa amejitanda, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Jina la leso ile, yale maneno yaliyochapwa pindoni, lilikuwa NIMENYAMAZA SIKUSAHAU. Akaapa wallahi haifui mpaka siku atakayomwimbisha Sufyan mara saba.

"Mwanangu," nilimwambia, "yule ana serikali nyuma yake."

"Na mimi nina nini nyuma yangu, mjomba?"

"Mimi."

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akarudi kukanda unga wake.

Miezi minane akachoma mahamri kimya. Bila ruhusa hakuna arusi, na bila arusi nyumba yake ilianza kuonekana mbavu. Hakulia wala hakumsengenya mtu. Alingoja tu, kama paka anavyomngojea panya aliyekwishamsikia.

Panya akatoka mwenyewe. Binti wa Sufyan, Intisar, akaposwa na watu wa Mkomani, watu wazito, nyumba zao zina lifti. Na kwetu kupamba bibi arusi ni shughuli ya wanawake. Mwimbaji anachaguliwa na bibi mzaa baba, na baba mtu hana kauli. Bibi huyo alikuwa Bi Barke, mamake Sufyan, mwanamke wa miaka sabini na kitu, anayetembea kwa mkongojo lakini akiupiga chini nyumba nzima hunyamaza. Akamwita Dhahabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Mamako aliniimbia mimi, nawe utamwimbia Intisar. Nishasema."

"Na Bwana Sufyan ataridhia?"

"Sufyan nimemzaa mimi. Alikaa humu miezi kumi kwa uvivu wa kutoka. Aridhie nini?" Bi Barke akamsogelea. "Hebu nambie. Kuna wimbo wanawake wauvumisha wakipita hapa dirishani. Maneno siyashiki, masikio yangu yazeeka, lakini mahadhi yake matamu, yanaingia kama mafuta. Ndio upi ule?"

"Ule hauimbwi, bibi. Umekatazwa."

"Umekatazwa ni nani?"

"Afisini."

"Afisi! Siku ya mjukuu wangu nichaguliwe wimbo na afisi? Mimi nitauomba, nawe utauimba."

Dhahabu hakumtaja aliyekataza, wala hakueleza lile tangi ni la nani. Alijua ni vibaya kumtumia mzee wa watu namna ile. Alilijua hilo alipokuwa akivaa viatu mlangoni, na akavaa viatu.

Ikabaki ruhusa. Dhahabu akaenda afisini na orodha ya nyimbo kumi na mbili, zote tamu, zote butu. Sufyan alizisoma akitafuta mwiba, hakuupata. Kanuni ya maarusi ilikuwa na mstari wa mwisho uliochapwa: *pamoja na nyimbo zitakazoombwa na mwenye shughuli*. Karani wake Nafula, msichana wa kutoka bara, mwepesi wa akili, akauliza, "Bosi, hii laini nikate?"

"Iache," Sufyan akasema, akimtazama Dhahabu kwa lile tabasamu la kwenye lori. "Mwenye shughuli huenda akataka kusikia kale kawimbo ka taa."

Akapiga muhuri. Mtu mzima, mwana wa Mvita, kiti kimemsahaulisha mila ya kwao: alidhani mwenye shughuli ni yeye kwa kuwa mchele kanunua yeye. Dhahabu akaikunja karatasi, akasema "Ahsante, Bwana," akatoka kwa adabu mpaka alipofika pembeni.

Siku yenyewe, alasiri, jua kali. Shughuli ilikuwa kwa Sufyan, uani, chini ya lile lile tangi. Wanawake walijaa, udi na asumini mpaka unakosa pumzi. Sisi wapigaji watatu tulitiwa nyuma ya pazia zito, kama makontena yasiyolipiwa ushuru, tusione mtu wala mtu asituone (pazia lilikuwa na tundu, lakini hilo tusilizungumze). Nje ya lango, kwenye viti vilivyopambwa, Sufyan alikaa na wakwe zake wa Mkomani wakinywa kahawa. Na kwa kuwa nyumba ilijaa wageni na kila mmoja anataka kutawadha, pampu ilikuwa imewashwa tangu adhuhuri.

Dhahabu aliingia amejitanda leso ya msumari.

Aliimba nyimbo nne za mapenzi. Ya tano ilipokwisha, Bi Barke akagonga mkongojo. "Sasa nataka ule wangu."

Dhahabu akaja pembeni ya pazia akanong'ona, "Mjomba, Tangi." Mtaani kote hakuna mwanamume shujaa kunishinda, lakini kibofu kina akili zake. Nikapiga.

Kwenye ubeti wa kwanza wanawake wa mtaa hawakupumua. Wageni wa Mkomani walitikisa vichwa, wimbo mzuri. *Tangi lako lafurika, lamwaya maji ndiani*, na wallahi, kwa mstari huohuo tangi likajaa. Maji yakatoka juu, shaaa, yakateremka ukutani mbele ya watu mia, yakalowesha ncha ya zulia la bibi arusi. Kila kichwa kikainuka. Kisha kila kichwa kikageukia lango.

Nanyi mnajua kutunza kwetu: anayeinuka kumpa mwimbaji noti katikati ya ubeti, ubeti ule kauchukua, na anakoielekeza noti ndiko anakoutupa. Wanawake wa foleni walianza kuinuka mmoja mmoja, taratibu, noti za hamsini hamsini zikipepea kuelekea juu kwenye tangi. Bi Barke akaona noti, akaona maji, akaona nyuso. Mzee haambiwi mara mbili. Akamvuta Dhahabu kwa ile leso.

"Ni la mwanangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Nawe wajua, ukanyamaza."

"Nilijua, bibi. Alinisimamisha juu ya lori."

Bi Barke akaiachia leso. Mimi kinanda kilinipungua. Halafu akasimama, mkongojo mkono huu, noti ya elfu mkono huu, akacheza hatua tatu, akaielekeza noti langoni. Ua lote likalipuka kwa vigelegele.

Nje, Sufyan alikuwa kashaweka kikombe chini. Mkwewe wa Mkomani alikuwa akiuliza kwa upole, "Tangi gani wanaloliimba, Bwana Sufyan?" Sufyan akaliendea lango. Pale alikaa Sidi, mama wa Kigiriama mwenye kifua kama mlango wa pili.

"Mwanamume haingii, bwana."

"Hii ni nyumba yangu!"

"Nyumba yako, naam. Kupamba si kwako. Waingia kupambwa?"

Wakwe wakacheka. Sufyan akampigia Nafula simu, aje mbio na amri ya kuzima muziki. Nafula akaja, akavua viatu, akafungwa leso, akatiwa halwa mkononi, akamfikia Dhahabu na amri yake. Dhahabu, bila kukata wimbo, akamtolea karatasi kutoka kifuani. Nafula akasoma mstari wa mwisho, akamtazama Bi Barke, akarudi mpaka kwenye ufa wa lango.

"Bosi, sioni vile tutazima. Mwenye shughuli ndiye ameomba, na muhuri ni wako."

"Mwenye shughuli ni mimi!"

"Hebu mwambie mamako hivyo," Nafula akasema, akarudi ndani kucheza.

Kwa hivyo Sufyan alisimama nje ya ukuta wake, mlango wake umefungwa, umeme wake unapiga kinanda, wali wake unawalisha waimbaji, akausikiliza wimbo mwanzo mpaka mwisho. Dhahabu aliuelekeza kinywa chake langoni, na kila alipofika kwenye kibwagizo alikivuta. Ananiambia alikuwa akihesabu. Alikirudia mara saba.

Kesho yake picha ya karatasi yenye muhuri ilikuwa kwenye simu zote za Kisauni. Ukisimamishwa, unaonyesha: wimbo una ruhusa, saini hii hapa. Wakubwa wa Sufyan wakampigia kumuuliza alipiga muhuri akiwa na akili zipi. Bi Barke akakataa kula kwake, akamwambia mbele ya mkewe kwamba hatakunywa hata tone la tangi lile mpaka bomba la mtaa litoe maji. Ndipo Sufyan, siku ya nne, asubuhi kweupe, akaja kwa Dhahabu na miguu yake.

"Hodi."

Dhahabu alikuwa anageuza mahamri. Hakuitika. Mtu akapiga hodi ya pili na ya tatu.

"Karibu papo hapo."

"Dada yangu," Sufyan akasema mlangoni, sauti imemshuka, "niandikie barua. Useme tu ule wimbo hukunitungia mimi. Wataninyang'anya kazi."

"Spika zangu?"

"Zitakuja leo."

"Koki?"

Alitoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya meza ya unga. Dhahabu aliutazama. Angeweza kuishia hapo. Mwengine angeishia hapo, akamwita Sufyan ndugu, akampa chai. Akachukua mwiko, akamwonyesha kizingiti.

"Simama hapo. Uimbe kibwagizo. Mara saba."

"Dhahabu, watu wanapita."

"Siku ile pia walikuwako. Anza."

Na hapa ndipo hamtaamini. Sufyan alitazama kulia, akatazama kushoto, foleni nzima ya mahamri inamtazama, na akafungua kinywa. Sauti ilimkatika kwenye mara ya nne, na Dhahabu, bila kuinua macho kwenye karai, akamwambia, "Anza tena." Akaanza tena. Alipokwisha, Dhahabu alifuta mikono, akaitungua leso kwenye msumari, akaitia kwenye beseni aifue kwa maji ya bomba. Barua hakuandika, mpaka leo.

Nami nilikuwa nimeketi pale pale nikinywa chai, nikaona kwa macho yangu haya Sufyan akiimba si kibwagizo tu bali beti zote tisa, kwa magoti, machozi yanamtiririka mpaka yakaijaza ndoo, na nyuma yake wamesimama watu elfu tatu, wengine wametoka Changamwe kwa malori, na yeye akanigeukia mimi, akaniambia Mjomba Khatibu, ni kinanda chako hasa kilichoni—

"Mjomba, leta hiyo karatasi. Beti tisa? Wimbo wangu una beti tatu. Watu walikuwa kumi na mmoja, na wewe siku hiyo ulikuwa umejificha Jomvu chini ya kitan—"