Sauti za Njia Panda ya Chilangala

Poooo! Honi moja ndefu, kisha kimya. Miaka thelathini imepita, na Anjelina bado anaisikia honi ya basi lake la kwanza, ikitoka njia panda ya Chilangala na kuzama kwenye mikorosho mpaka ikose pa kwenda.

Kisha mashamba yaliitikia. "Nakujaaa!" Sauti moja huku, nyingine kule. Anjelina, wakati huo mkata tiketi, kazi yake ilikuwa kuzihesabu. Sauti tatu, watu watatu. Basi haliondoki mpaka wote wafike, miguu imejaa vumbi jekundu.

Hakuna aliyekuwa ameiandika sheria hiyo. Anjelina akawa msimamizi wa stendi ya Newala, na baadaye meneja wa safari zote za kampuni kati ya Newala na Masasi. Ndipo akaiingiza kwenye ratiba: "Chilangala, kungoja sauti." Madereva wapya walicheka. Wakazoea.

Siku moja Anjelina akiwa safarini, dereva Nurdin alimlalamikia. "Mama Walter, sauti nne, watu watatu. Nusu saa sasa!"

Anjelina akashuka, akafuata njia ya miguu. Akamkuta Mzee Gideoni akipalilia mihogo, hana hata dalili ya safari.

"Shikamoo, baba. Si uliitikia?"

"Marahaba. Niliitikia, ndiyo. Honi imenisalimia, nami ninyamaze kama sikulelewa?"

Abiria walicheka mpaka Masasi. Tangu hapo, kila honi ilipolia, Anjelina aliitoa sauti moja kwenye hesabu. Mwaka aliofariki mzee yule, sauti na watu vikawa sawa, na Anjelina akatamani visiwe sawa.

Mwaka huu amestaafu. Mabasi mapya yana kifaa kinachoionyesha ofisi gari liliposimama, na kwa muda gani. Ashiru, mwenye kampuni, alimwambia wiki ya mwisho: "Mama, simu zipo. Anayesafiri apige. Kituo ni dakika mbili."

"Na asiye na simu?"

"Atawahi."

Anjelina hakubishana. "Kamwambie Maryam. Meneja sasa ni yeye." Maryam alikuwa mwanafunzi wake, tangu dirisha la tiketi.

Jumamosi Maryam akamsindikiza kwa basi kurudi kwao Chiungutwa, na begi lake na saa ya ukutani aliyozawadiwa. Njia panda ya Chilangala, Nurdin akabonyeza honi kwa mazoea. Mashamba yakaitikia mara tatu.

Akaja mwanamke na kapu la mbaazi. Akaja mwanamume, viatu mkononi. Kisha njia ikabaki tupu.

Simu ya Maryam ikalia. "Mbona gari limesimama?" Sauti ya Ashiru ilisikika mpaka viti vya nyuma. "Dakika ya sita hii!"

Nurdin akageuka, mkono kwenye gia. "Haya, bosi mpya. Twende au tupike chai hapa?"

Watu wakacheka. Anjelina hakucheka. Neno lilimfika kwenye ulimi, akalimeza; gari halikuwa lake tena. Akageukia dirisha.

Maryam alimtazama kisogo, kisha akaweka simu sikioni. "Tajiri, tunapakia abiria. Jumatatu tutazungumza, mimi na wewe." Akakata, akamgeukia dereva. "Zima injini, Baba Faidha."

Injini ikanyamaza. Upepo ukasikika kwenye mikorosho. Anjelina hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye njia ya miguu, na alisema polepole mno, kama anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala:

"Bado mmoja."