Droo ya Juu ni ya Leonila

Mimi Petua nina mdomo, nimeambiwa tangu utotoni, na uzee haujaupunguza. Ila siku ile dukani kwa Anselmo uliniganda, na mpaka leo najilaumu kwa hilo. Kwa hiyo nasimulia sasa, anayekasirika na akasirike.

Leonila ni jirani yangu hapa Vigan, nyumba ya pili kutoka kwangu ninapokaangia empanada, sambusa za kwetu, za kuuza. Ukipishana naye njiani hutageuka kumtazama: mfupi, ndala, mwavuli kwapani. Alikwenda Honolulu akiwa msichana, akaishia kuogesha wazee wa watu, kuwalisha na kuwageuza vitandani, mpaka kiuno chake mwenyewe kikagoma. Hakuolewa. Kila Krismasi alituma sanduku nyumbani: sabuni, kahawa, nyama ya kopo, viatu. Watoto wa dada yake wote wamekulia ndani ya viatu vya Leonila. Sisi Wailoko, watu wa pande hizi, tunatukanwa kwa ubahili, sawa, lakini ubahili wa huyu ulikuwa wa kujinyima mwenyewe.

Na huko kote alikotaabika alikuwa na hamu moja tu, kabati la mama yake.

Lilikuwa kabati la droo tatu, la mti wa nara, la tangu enzi za bibi wa bibi yao. Usoni lilichomekwa ua la mfupa wa nyati: shina linaanzia droo ya chini, linapanda ya kati, ua lenyewe linachanua droo ya juu. Kwetu mzazi akifa kila kitu kinagawanywa sawa, hata masufuria. Mama yao alijua watoto wake, akagawa kabati kabla hajakata roho. Rufina, mkubwa, akapewa droo ya chini. Crispulo, wa kiume peke yake, ya kati. Leonila, kitinda mimba, ya juu. Kabati lenyewe likabaki nyumba ya wazazi, kwa Crispulo.

"Droo peke yake ni hori la nguruwe," mama aliwaambia, "na kabati bila droo ni banda la kuku. Hamtaweza kuuza. Wa kwanza kujenga nyumba ya maana, wenzake wampelekee, likae pamoja."

Mtaa mzima tulimsifu kwa akili hiyo. Tulikuwa wajinga.

Wa kwanza kujenga akawa Leonila. Alirudi kutoka Honolulu, akajenga chini matofali, juu mbao, na sebuleni akaacha ukuta mmoja mtupu. Droo yake, aliyoichukua tangu matanga ya mama, akaiweka pale sakafuni, ndani yake rozari ya mama na nguo walizobatiziwa wote watatu. Akawaita ndugu zake walete kabati. Crispulo kila akipigiwa simu ana lake: barabara mbovu, mvua, mgongo. Mwisho wa yote akasema mchwa wamelimaliza. Kabati, droo yake, na ya Rufina ambayo eti alikuwa amemhifadhia, vyote unga mtupu. Rufina akaja mwenyewe kuthibitisha, akalia kwa kwikwi, na mimi mwehu nikampa maji ya kunywa.

Leonila alikaa siku nyingi bila kufungua dirisha la mbele. Kisha asubuhi moja akaja kibandani kwangu, amevaa viatu vya kutokea.

"Shoga, nisindikize. Nataka kununua kabati la kale. Nimechoka kutazama ule ukuta."

Rufina naye akajitokeza. Sijui nani alimwambia. "Siwezi kumwacha mdogo wangu adanganywe na wauza duka," akasema.

Tukaanza mtaa wa vitu vya kale. Leonila hachagui kabati kama watu wengine. Anavuta droo, anaingiza pua ndani, ananusa. Anapitisha kiganja upande wa chini, pale ambapo fundi hajisumbui kupiga randa. Duka la kwanza alinusa mara moja tu.

"Hili limezaliwa jana," akasema.

"Jana?" kijana wa duka akang'aka. "Mama, hili la bibi yangu."

"Basi bibi yako mdogo kuliko mimi. Bado ananuka vanishi."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Duka la pili miguu ilikuwa ya kabati jingine. La tatu ni la mwerezi, akasema mwerezi atauthamini nani. Nikaona tuvuke kwa mzee Anselmo, duka lenye vitu vingi kuliko yote, lakini Rufina akanivuta mkono.

"Kwa Anselmo hapana. Yule tapeli, anapaka chai mbao mpya zionekane za kale."

"Leonila ana pua," nikamwambia. "Atainusa hiyo chai."

"Petua, kila kitu lazima ukisemee? Jua kali, mimi nasikia kizunguzungu. Turudi."

"Wewe keti hapo nje, dada," Leonila akasema kwa upole. "Nachungulia mara moja tu."

Rufina akabaki kizingitini, mwavuli ameushusha mpaka usoni. Nami nikadhani ni jua.

Ndani, nyuma ya vitanda na sanamu za watakatifu zisizo na mikono, lilikuwepo. Leonila alilifikia kabla yangu, akasimama. Kabati la nara, droo mbili, na juu yake tundu tupu. Shina la mfupa lilipanda kutoka droo ya chini, likapita ya kati, likakatika. Ubaoni juu palikuwa na alama nyeusi ya pasi ya mkaa, na pembeni mwa alama ile sahani ndogo: wali wa kunata, yai la kuchemsha, kikombe cha pombe ya miwa. Sahani ya wafu, kama tunavyowawekea nyumbani.

Leonila akaweka kidole kwenye alama ya pasi. "Hapa niliunguza mimi, nikachapwa," akaniambia, taratibu kabisa.

Mzee Anselmo akaja akifuta mikono. "Mama una jicho. Hilo ndilo bora humu ndani, ila droo ya juu haipo. Fundi wangu atakuchongea, na ua atakuwekea."

"Na hii sahani?"

"Ah, samahani, nitaitoa. Unajua mimi sinunui kitu cha urithi mpaka warithi wote wakubali, sitaki mzimu dukani kwangu. Walikuja wawili, kaka na dada. Nikauliza, mwenye droo ya juu yuko wapi? Wakasema ni mdogo wao, amefia Honolulu. Basi kila nikifungua duka namwekea chochote, asije kudai kilicho chake." Akainua macho kuelekea mlangoni, akatabasamu kwa heshima. "Kumbe mko pamoja? Karibu, dada. Pole tena kwa msiba wa mdogo wako."

Rufina akageuza uso barabarani.

Njia ya mwongo fupi, tunasema. Lakini sikusema. Nilisimama pale kama gogo, mimi ninayejibizana na soko zima.

Leonila akageuka. "Nilikufa kwa nini, dada?"

Anselmo alimtazama yeye, akamtazama Rufina, akavua kofia.

"Nila, nisikilize. Crispulo paa lilikuwa linavuja. Wewe kule ulikuwa na kila kitu, tukasema hata hatarudi huyu..."

"Nimekuuliza nilikufa kwa nini."

"Moyo," Rufina akasema. "Tulisema moyo."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya Krismasi."

"Krismasi ile niliwatumia viatu."

Asiyekuwepo na lake halipo, najua, na kwenye urithi usemi huo nimeshausikia hata kanisani. Ila huyu alikuwepo kila mwaka, ndani ya sanduku, mpaka kwenye vidole vya miguu ya watoto wao. Nilitaka nimpasue Rufina na mwavuli wake.

Leonila akamwomba Anselmo kigoda. Akaletewa. Akaishusha sahani kutoka juu ya kabati, akaipakata. Chakula cha wafu aliye hai hakigusi, hilo kila mtoto wa hapa analijua. Yeye akalimenya yai polepole, akalila. Akala wali wote kwa mkono. Akanywa pombe, akafuta midomo kwa leso yake.

"Mama," Anselmo akasema, "lichukue kabati. Bure. Mimi sikujua."

"Wewe ulinunua kwa uaminifu, baba. Asante kwa chakula." Kisha akamtazama dada yake, na hapo ndipo machozi yalipotoka. "Tangu mnizike, Rufina, ni mgeni tu aliyekumbuka kunilisha."

Rufina akaingia hatua moja, amenyoosha mkono. "Twende nyumbani, mdogo wangu. Tutazungumza na Crispulo, tutayamaliza."

"Maiti hazikwi mara mbili. Nenda wewe."

Akaenda. Sisi tulirudi kwa miguu, na njia nzima nilimsihi Leonila alirudie kabati, hata kesho, tulikamilishe, ua lipate shina lake. Akasema nikome, kila atakapovuta droo ya chini atakuwa anasikia wanalia matanga yake.

Ukuta bado mtupu. Droo iko palepale sakafuni, na mwaka huu siku ya wafu nilimkuta anapanga sahani juu yake, ya baba yake na ya mama yake, na pembeni ya tatu yenye yai. Sikumuuliza ni ya nani.