Mizani ya Mama Mkwe

Mikono yangu ya ufundi wa magari ilikuwa na sifa mtaa mzima wa Nyamianda, na msifiaji mkuu nilikuwa mimi mwenyewe. Bulo aliyoikaza huyu, watu walisema, ataifungua Mungu tu. Hawakutaja bolti nilizozikata. Nilikuwa na ugonjwa mmoja: bulo ikishakaza sawasawa, naongeza mvuto wa mwisho, eti wa usalama, na hapo ndipo inapokatika. Mzungu mwenye garaji alinifokea kwa hilo mpaka sauti ikamkauka. Yeye alikuwa na spana yenye mshale, tuliyoiita kle dinamo, iliyomwonyesha mtu nguvu yake imefika wapi. Kwa kilasi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya mota, mshale ulipaswa kufika tisa. Ni kilo tisa zikivuta mwishoni mwa mkono wa metre moja, alinieleza, nami nikapiga miayo. Uhuru ulipokuja alivuka mpaka kwenda Usumbura na kle yake, akatuachia lori moja lililokufa.

Mama mkwe wangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni kwa mizani ya kuning'iniza, yenye springi, ndoano na mshale. Alijulikana kwa jambo moja: hakutoa matabishi. Wenzake wakishapima, humwongezea mteja konzi moja juu ili arudi kesho. Yeye, mshale ukifika kwenye kilo, mkono wake unasimama. Hata sisi wa nyumbani alitupimia. Nilimcheka sana kwa ubahili huo, lakini kwa mbali, maana kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni. Miaka sita ya ndoa, neno lake lolote kwangu lilipitia kinywani mwa binti yake.

Kisha ukaja uasi. Asubuhi ile milio ya bunduki ilisikika kutoka bondeni, upande wa Luvungi, na majirani wakaanza kushuka kwa miguu kuelekea Makobola, magodoro vichwani. Mke wangu alikuwa na siku tano tu tangu apasuliwe tumbo kumtoa mtoto wetu. Hata kufika mlangoni alihitaji kushikwa. Ilibaki lile lori. Nilikuwa nimelitengeneza kwa wiki tatu, kilasi nimeshairudisha mahali pake, bado kuikaza tu. Bulo zilikuwa kumi na nne, na nilikuwa nazo kumi na nne kamili. Nikiziacha zimelegea, mota itachemka kabla hatujatoka mjini. Nikikata moja, lori halitoki, na mke wangu hatoki.

Kwa mara ya kwanza maishani niliiogopa mikono yangu. Nilikaa kwenye tairi nikamtukana mzungu na kle yake.

Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa lori, kwa adabu, amenipa mgongo.

"Ambia bwana yako," alimwambia mke wangu aliyelala kwenye mkeka, "ile kle anaililia, inapimaka nini?"

"Kilo, mama," nilijibu, nikitazama chini. "Kilo tisa kwa metre moja."

"Kilo tu? Ambia yeye aache kulia. Kilo miye niko nayo."

Akaenda, akarudi na mizani yake inanuka ndagala.

Niliingiza bomba kwenye spana, nikapima metre moja kutoka kichwa cha bulo, nikatia ndoano pale. Nikasafisha bulo zote kwa petroli, kila moja tone la oili. Lakini mwenye kuvuta hawezi kusoma mshale, na mke wangu hakuweza kusimama. Basi mama mkwe alizunguka lori, akainama juu ya mota, kichwa chake karibu na changu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilitokwa jasho la aibu.

Tulianza bulo za katikati, tukaenda nje kidogo kidogo. Mzunguko wa kwanza kilo tatu, wa pili sita. Nilivuta polepole, bila kushtua, kama alivyotaka mzungu. Mzunguko wa mwisho yeye alihesabu: saba, nane, tisa. Na mikono yangu, mbwa hawa, ikataka kuongeza.

"Acha!" Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. "Tisa ni tisa. Kwangu hakuna matabishi, weye!"

Niliachia. Bulo zote kumi na nne alinisimamisha hivyo hivyo, na hakuna hata moja iliyokatika. Lori lilipowaka nilipiga magoti kwenye vumbi nikamshukuru Mungu, halafu nikamshukuru yeye, nikiwa nimetazama gurudumu.

Tulifika Makobola mchana, mke wangu amelala kwenye kiti cha mbele na mtoto kifuani. Wote wawili wazima. Nawashukuru mpaka leo, yule mzungu niliyempigia miayo, na zaidi huyu mama niliyemcheka.

Kabla ya chakula alifungua gunia lake, akapima ndagala zetu, kilo moja kamili. Nikaona mkono wake unarudi guniani. Akaweka konzi nzima juu, akalitua sinia chini, akasogea mbali, akanipa mgongo kama zamani.

"Ambia bwana yako," alisema, "ile ya juu ni matabishi."